Mlango wa Barua: Wasomaji na Wahariri katika Magazeti ya Kiswahili tangu 1888

Mtu afunguaye kwa mara ya kwanza majalada ya Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwezi wa Januari 1923, hutazamia kuisikia sauti ya Serikali ikiwafundisha raia kilimo, usafi na utii. Na sauti hiyo huikuta. Lakini akiendelea kufunua huingia katika kurasa za barua na mashairi, na hapo huona kana kwamba amehama nyumba. Yule aliyekuwa akifundishwa sasa ndiye asemaye. Karani wa boma, mwalimu wa shule ya misheni, mwenye duka dogo katika mji wa bara, wote wanasalimiana, wanaulizana, wanakosoana, na pengine wanashindana kwa mashairi miezi kadha wa kadha, ilhali hawajapata kuonana uso kwa uso. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi mlango huo wa wasomaji ulivyofunguliwa katika magazeti ya Kiswahili, ni nani waliokaa kizingitini kuulinda, na ni mambo gani yaliyouziba. Sitayataja magazeti yote, maana ni mengi. Nitakaa zaidi penye mambo ya kujifunza.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba desturi ya kujibizana hadharani haikuletwa na mtambo wa kupigia chapa. Katika miji ya pwani ilikuwapo tangu zamani, tena ilikuwa na adabu zake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliishi wakati wa uhasama mkubwa baina ya Mombasa na Lamu, na mashairi yalikuwa yakitumwa kutoka mji huu hadi mji ule kabla ya vita vya Shela na baada yake. Kwa upande wa Lamu jina linalokumbukwa zaidi ni la Zahidi Mngumi. Shairi likifika, halikuachwa bila jawabu. Na jawabu lilikuwa na sheria, yaani mjibu aliifuata bahari ya mwenzake, mara nyingi na vina vyake, akalishika neno lile lile aliloanza nalo mwenzake na kuligeuza. Sheria hiyo ina faida ambayo si ya sanaa tu. Mtu hawezi kuvifuata vina vya mwenzake pasipo kulisoma shairi lake kwa makini mpaka mwisho. Kwa hiyo hata katika ukali wake malumbano yalimlazimisha mtu kusikiliza kabla ya kusema. Mashairi hayo yalidumu vinywani na katika karatasi za watu, hata W. E. Taylor akayakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na mwaka 1940 Hichens akayatoa kitabu. Nimeyataja haya mapema kwa sababu, kwa maoni yangu, ukurasa wa wasomaji katika magazeti yetu ni mtoto wa baraza na malumbano kuliko kuwa mtoto wa magazeti ya Ulaya, ingawa jina na umbo lake vilitoka Ulaya.

Gazeti la Msimulizi lilianza mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, katika chuo cha misheni ya U.M.C.A. Lilikuwa gazeti dogo, na habari zake nyingi zilitoka kwa walimu na wanafunzi wa zamani waliotawanyika katika vituo vya misheni hiyo, pwani na bara. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba gazeti la Kiswahili, tangu kuzaliwa kwake, lilikuwa barua. Mwandishi na msomaji walikuwa watu wa jamaa moja. Aliyeandika mwezi huu alisoma habari za mwenzake mwezi ujao. Uzuri wake ulikuwa huo, na kasoro yake ni hiyo hiyo: asiyekuwa wa jamaa ile hakuwa na la kusema. Kiongozi, lililotolewa Tanga na shule ya Serikali ya Wadachi tangu mwanzo wa karne ya ishirini mpaka wakati wa Vita Kuu ya kwanza, liliutanua mlango huo kidogo. Walioliandikia walikuwa walimu na watumishi wa Serikali katika miji mingi, Waislamu kwa Wakristo, na lugha iliyowaunganisha haikuwa ya dini fulani bali ya kazi.

Mambo Leo lilikuja likawapita yote kwa ukubwa na kwa umri, maana liliendelea mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Lilikuwa gazeti la Serikali, na hapana haja ya kulipamba. Mambo ya siasa, kwa maana ya kuuliza ni nani aliyempa nani mamlaka, hayakutakiwa humo. Lakini mhariri wa gazeti la mwezi ana kurasa za kujaza, na tena anataka lisomwe. Na upesi iligunduliwa kwamba kilichowafanya watu walinunue na kulisoma kwa sauti mbele ya wenzao wasiojua kusoma hakikuwa mafundisho ya pamba, bali jina la mtu wamjuaye likiwa limepigwa chapa chini ya barua. Mtu aliyeliona jina lake mara moja hakuacha tena kuliandikia. Shaaban Robert, ambaye alikuwa karani wa forodha, ni mmoja wa wale ambao mashairi yao yalianza kusomwa katika kurasa hizo katika miaka ya 1930. Kama mlango ule ungekuwa umefungwa kwa makarani, sijui fasihi yetu ingemngojea mpaka lini.

Tuyatazame maneno ambayo kwayo wasomaji waliingia, maana kwa mwanafunzi wa lugha hayo yana thamani kubwa. Mwandishi wa barua hakuanza na hoja yake. Alianza kwa kumwamkia mhariri, akaomba apewe nafasi, kisha mara nyingi akaomba radhi kwa udogo wa elimu yake. Na mshairi alibisha hodi. Wasomaji wengine wa siku hizi huyaona maneno hayo kuwa marefu na ya bure. Mimi siyaoni hivyo. Hodi ni neno la mtu aliyesimama nje ya nyumba isiyo yake, naye ajua kwamba akikaribishwa atakuwa na haki za mgeni na wajibu wa mgeni. Kwa kuikubali hodi, mhariri naye alijifunga: mwenyeji hamkaribishi mtu ndani kisha akamwacha atukanwe na wageni wengine. Washairi waliuita ukurasa wao ukumbi, na lilipoanzishwa gazeti la Kiswahili huko Nairobi mwaka 1939, likiwa chini ya mhariri Francis Khamisi, liliitwa Baraza. Basi yule mpita njia alikuwa na mahali pa kuketi, nje ya mlango lakini chini ya dari ya mwenye nyumba. Sidhani kama lingepatikana jina bora zaidi kwa kueleza hali ya msomaji ndani ya gazeti.

Na neno mhariri lenyewe? Asili yake ni Kiarabu, nalo limetoka katika mzizi ule ule uliotupatia neno huru. Mwarabu husema muharrir kwa mtu anayeandika na kusanifu, na pia kwa mtu anayeacha mtumwa huru. Silitegemei jambo hili kuwa hoja, maana waliolipokea neno katika Kiswahili hawakulipokea kwa ajili hiyo. Nalitaja tu kwa sababu kazi ya mhariri wa barua ina pande hizo mbili, kukata na kuachilia, na wahariri wengi waliijua ya kwanza zaidi ya ya pili.

Mambo yaliyojadiliwa katika Mambo Leo yalikuwa ya namna nyingi. Katika miaka ya 1940 na 1950 walibishana sana juu ya dansi: je, ni ustaarabu au ni upotevu, mwanamke wa heshima aende au asiende, mavazi yake yaweje. Kwa juu huonekana kuwa mambo mepesi. Lakini msomaji mwenye subira hugundua kwamba chini ya neno ustaarabu palikuwa na swali zito, yaani nani ana haki ya kuhukumu kuwa mwingine ameendelea au amebaki nyuma. Na swali hilo, likiulizwa juu ya dansi leo, kesho litaulizwa juu ya Serikali. Wanaume ndio waliosema zaidi juu ya mavazi ya wanawake, na majina ya wanawake katika kurasa hizo ni machache mno. Mlango ulikuwa wazi, lakini njia ya kuufikia ilipitia shuleni, na shule za wasichana zilikuwa haba. Pia ilipitia katika hati. Wazee wengi wa pwani walikuwa waandishi hodari kwa herufi za Kiarabu, na gazeti lilikuwa kwa herufi za Kirumi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoanza kutoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, aliiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Alikuwa na wasomaji ambao mhariri wa Dar es Salaam hakupata kuwaona kizingitini kwake, naye pengine hakujua kuwa hawapo.

Kwa sisi wa taasisi hii kuna jambo moja linalotugusa zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja mjini kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi nne ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Kamati ilifanya kazi kubwa ya kutengeneza kamusi na kusahihisha vitabu vya shule. Lakini Waafrika hawakuingizwa kuwa wajumbe mpaka mwaka 1946. Kwa muda wa miaka kumi na sita, basi, wenye lugha walikuwa nje ya chumba ambamo lugha yao ilikuwa ikipimwa. Barua kwa gazeti ilikuwa njia mojawapo chache ambazo kwazo mtu wa Pangani au wa Ujiji angeweza kusema hadharani kwamba neno fulani silo, au kwamba vitabu vya shule vinasema lugha isiyosemwa na mama wa mtu ye yote. Na mashairi yalipenya mahali ambapo barua haikupenya. Mshairi wa Mvita au wa Mrima hakukubali kuiacha lahaja yake kwa sababu ya sheria za tahajia, maana vina vingevunjika. Na mhariri, akiogopa kulivunja shairi, aliliacha lipite. Hivyo maneno mengi ambayo Usanifu uliyasahau yamesalimika katika ukumbi wa mashairi.

Kulinda mlango ni kazi ngumu kuliko kuufungua. Barua zikiwa nyingi kuliko nafasi, mhariri hana budi kuchagua, na kila asiyechaguliwa huona amedharauliwa. Hapa wahariri walitofautiana sana. Wako waliomjibu msomaji kwa maneno mafupi chini ya barua yake, wakamkosoa au wakamshukuru. Hao waliendelea kupata barua hata za watu waliowakosoa. Wako walionyamaza. Msomaji aliyekataliwa kwa sababu aliyoelezwa huandika tena, na aghalabu huandika vizuri zaidi. Lakini aliyekutana na kimya hudhani kwamba kuna watu wanaopendelewa, akaenda kuwaambia wenzake. Nikipima kwa majalada niliyoyasoma, naona kwamba kimya kiliziua kurasa nyingi kuliko makato. Kuna tena ugonjwa wa pili, nao ni sifa. Mhariri aliyechapa kila shairi lililomsifu yeye na gazeti lake aliujaza ukumbi wake kwa watu wasio na habari, na wenye habari wakaondoka.

Matusi nayo yalikuwa na dawa zake. Malumbano ya mashairi yaliruhusu ukali mwingi kwa sababu ya kanuni zake. Aliyeshindwa na vina alionekana ameshindwa na hoja. Tena sheria hizo hazikuwa siri ya wachache: mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alizitoa katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na tangu hapo hata kijana wa bara asiyezaliwa katika mji wa washairi aliweza kuupimia ukumbi kwa kipimo kile kile. Katika barua za kawaida hapakuwa na kipimo kama hicho, na ndiyo maana suala la majina ya kupanga lilikuwa zito zaidi huko. Desturi iliyokubaliwa ni kwamba mwandishi aweza kutumia lakabu mbele ya wasomaji, lakini mhariri ajue jina lake halisi na anwani yake. Kwa washairi lakabu ilikuwa taji kuliko pazia: kila mtu alijua kwamba Sauti ya Kiza ni Sudi wa Andanenga. Kwa mwandishi wa barua aliyemlalamikia mkubwa wake ilikuwa ngao, na aliyeishika ngao hiyo alikuwa mhariri.

Kuishika ngao ya mtu mwingine kuna gharama. Mfano ujulikanao sana katika historia ya magazeti ni wa London. Tarehe 19 Desemba 1769 gazeti la Public Advertiser lilichapa barua ya msomaji aliyejiita Junius, iliyomwelekea Mfalme mwenyewe kwa maneno makali. Junius hakujulikana, aliyeshtakiwa mwaka 1770 ni mchapaji, Henry Sampson Woodfall. Wazee wa baraza la mahakama walitoa jawabu la ajabu, kwamba ana hatia ya kuchapa na kutangaza tu, na mwishowe kesi ikaanguka. Junius ni nani hakuna aliyethibitisha mpaka leo. Woodfall aliokolewa na wale wazee; lakini katika nchi zetu mhariri wa Kiafrika wakati wa ukoloni hakuwa na kinga kama hiyo.

Erica Fiah, mwenye duka mjini Dar es Salaam aliyekuwa na asili ya Uganda, alianzisha Kwetu mwezi wa Novemba 1937, likawa gazeti la kwanza katika Tanganyika lenye kumilikiwa na Mwafrika. Jina lake latosha kueleza tofauti yake na Mambo Leo. Katika gazeti la Serikali msomaji alibisha hodi. Katika Kwetu, angalau kwa nia ya mwenye gazeti, alikuwa nyumbani. Malalamiko ya mishahara, ya maduka, ya kudharauliwa, yalipata nafasi. Lakini fedha zilikuwa chache, na gazeti lilisukumwa kwa taabu mpaka likakoma mwaka 1951. Kuna funzo chungu hapa: nyumba iliyokuwa na uhuru zaidi ndiyo iliyokuwa na karatasi chache zaidi. Msomaji mwenye neno zito alilazimika kuchagua baina ya ukumbi mpana wenye masharti na chumba kidogo cha wenzake.

Kisha sheria zikaja kwa nguvu. Huko Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, magazeti mengi yaliyoongozwa na Waafrika yalipigwa marufuku, na pamoja nayo zikapotea kurasa za wasomaji wao. Huko Tanganyika, mwaka 1958, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa kosa la uchochezi. Wakati kama huo mhariri hujifunza kusoma barua kwa macho ya hakimu, na msomaji hujifunza kusema kwa mafumbo. Saadani Kandoro, mmoja wa waliokuwapo TANU ilipoundwa mwaka 1954, alitunga juu ya siafu na nyoka, na hapana msomaji aliyedhani kwamba asikiacho ni habari za wadudu. Ushairi ulikuwa na faida hiyo ya zamani: hata aliyetaka kuufunga alipaswa kwanza kukiri kwamba ameuelewa.

Baada ya uhuru ukumbi ulihamia katika Ngurumo, lililoanza mwaka 1959, na katika Uhuru, la mwaka 1961. Nao ulikuwa na shangwe yake. Lakini mtihani wake mkubwa kwa upande wa fasihi ulikuja katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Ugomvi uliofuata, magazetini na katika majarida ya wataalamu, ulikuwa mkali kupita kiasi. Watu waliitana majina. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba ulikuwa wakati wa afya, kwa kuwa mzee wa pwani aliyekuwa na elimu ya chuoni tu na mwalimu wa Chuo Kikuu mwenye shahada walijikuta wakijibizana juu ya jambo moja, kila mmoja akimlazimisha mwenzake kueleza neno shairi lina maana gani. Kisha wataalamu wakahamia katika majarida yao, nayo majarida yana hodi ya namna nyingine, isiyojibiwa ila kwa mwenye rejea na tanbihi. Sisi tuandikao katika kurasa hizi tumo miongoni mwao, na sijui kama tuliuliza ni nani aliyebaki nje tulipoingia.

Miaka kadhaa iliyopita niliomba, katika maktaba moja nisiyoitaja, majalada ya gazeti la zamani la Kiswahili ili niyafuate malumbano fulani tangu hodi mpaka mwisho. Nililetewa vitabu vilivyojalidiwa vizuri, kwa ngozi na maandishi ya dhahabu. Makala za mhariri zilikuwamo zote, na matangazo ya Serikali. Kurasa za barua na mashairi hazikuwamo. Aliyejalidi alikuwa ameambiwa apunguze unene. Nilipata shairi la kwanza, kwa sababu lilikuwa limepigwa chapa nyuma ya tangazo la bei za kahawa. Jawabu lake bado nalitafuta.